WATI ELFU KUMI ZA KARIAKOO: NANI MKWELI, BOKSI AU FYUZI?

HAKUNA kitu kinachomuumbua kijana wa mjini kama muziki kukata katikati ya shughuli. Bibi harusi kasimama, MC kashapandisha mzuka, mama wakubwa wameshaanza kuserebuka na vitenge vyao, halafu kule pembeni sabufa inatoa "puu!" na kamoshi kembamba kama ka mshumaa wa bethidei. Ukumbi mzima unageuka kumtazama mwenye muziki. Jamani, bora mtu akutukane.

Ukimuuliza yule bwana alinunua jina gani, hapo ndipo unafungua kesi. Nenda kijiwe chochote, kiwe cha Sinza, Temeke au Buguruni. Mmoja atakuambia Sundar ndiyo mwisho wa matatizo. Wa pili atakuapia Aborder. Wa tatu atatetea Seapiano kama anavyotetea Simba au Yanga, mpaka mishipa ya shingo imtoke. Na wote watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza sabufa yake akasoma kilichoandikwa nyuma!

Usione ni utani. Kwa mwenye saluni, muziki ndio unaoita wateja. Kwa kijana anayekodisha vyombo kwenye vipaimara, kitchen party na vigodoro, spika ni jembe. Kwa kwaya ya mtaani, miksa na maiki ni michango ya mwaka mzima, shilingi kwa shilingi. Mtu akiingizwa mjini kwenye hivi vitu, kilichopotea ni mtaji. Ndiyo maana wiki hii nimeona tuuvue nguo huu ubishi wa majina.

FIZIKIA YA FORM TWO

Tuanze na boksi. Umeingia dukani, umeona boksi lina picha ya mzungu kashika gitaa la moto, na pembeni imeandikwa kwa herufi za dhahabu: 10,000W. Muuzaji naye anakazia: "Hii mashine, kaka, majirani watahama."

Sasa twende taratibu. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Ile plagi ya pini tatu tuliyorithi kwa Waingereza mwisho wake ni ampea 13. Zidisha: 13 mara 230 unapata wati 2,990. Yaani soketi yako ya ukutani, hata ikikamuliwa mpaka tone la mwisho, haifiki wati 3,000. Hizo elfu kumi za boksi zinapita wapi? Kwenye dirisha?

Kama hesabu hiyo inakuchosha, tumia LUKU. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Kitu kinachokula wati 10,000 kingekula uniti 10 kila saa. Piga muziki kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nane, umemaliza uniti 60! Kuna mwenye nyumba wa Kibongo anayeweza kukuvumilia hapo? Mbona unacheza muziki wikiendi nzima na uniti zinashuka kidogo tu? Jibu unalo.

Mchawi anaitwa PMPO. Hiki ni kipimo kisicho na kanuni yoyote inayoeleweka, ila ni kile kilele cha nguvu ambacho mtengenezaji anadai mashine inaweza kukifikia kwa kufumba na kufumbua. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kama muuza karanga anayechagua kikombe chake mwenyewe. Kipimo cha kweli ni nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila kuharibu sauti, ile ambayo wauzaji wengi huiandika RMS.

Na huu ujanja haukuanzia Kariakoo. Wamarekani waliliwa kabla yetu. Watengenezaji wa amplifaya kule walizidisha chumvi mpaka mwaka 1974 serikali ikaweka kanuni: ukitangaza wati, useme ni za mfululizo, kwa kila chaneli, kwenye spika ya omu ngapi, na sauti inaharibika kwa kiasi gani. Wabongo hatuna haja ya kusubiri Washington. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma. Pale ndipo utakuta imeandikwa kwa herufi za kisisimizi: matumizi ya umeme wati 40, au 60. Na sauti haiwezi kutoka nyingi kuliko umeme ulioingia, hata ukienda kwa mganga.

Fyuzi nayo ni shahidi mzuri. Ikiwa ya ampea 1, basi mashine nzima imekadiriwa chini ya wati 230, taa za disko na rimoti ndani yake. Halafu ukimpata fundi mkarimu akufungulie sabufa ya bei ya chini, usishangae kukuta "ic" inaitwa TDA2030. Ni kidude cha siku nyingi na kizuri tu kwa kazi yake, lakini karatasi ya watengenezaji wake inasema kinatoa wati 14 hivi kwenye spika ya omu 4. Vikiwa vitatu ndani ya boksi, jumla hata 50 haifiki. Na wati 50 za kweli sebuleni ni nyingi, baba mwenye nyumba ni shahidi.

JINA NI LA KUPANGA

Sasa twende kwenye majina yenyewe. Wazee wetu walikuwa na imani moja: kitu kikiandikwa Made in Japan, basi kimemaliza. Hawakuwa wajinga. Redio National iliheshimika mpaka vijijini, na Matsushita, kampuni iliyomiliki jina hilo, ilikuwa na kiwanda hapa hapa Dar es Salaam. Ilipofika enzi za ruksa ya Mzee Mwinyi, redio kaseti za Aiwa, Sanyo na JVC zikaanza kumiminika kutoka Dubai. Mwaka 1994 Radio One na televisheni za watu binafsi zilipoingia hewani, kila mwenye uwezo akataka chombo sebuleni, na aliyekuwa na Aiwa ya deki mbili alikuwa mheshimiwa.

Lakini dunia imezunguka, wewe. Aiwa ilimezwa na Sony mwaka 2002, na mwaka 2006 jina likawekwa kabatini. Mwaka 2017 likarudi sokoni chini ya kampuni nyingine kabisa ya Kijapani. JVC iliungana na Kenwood mwaka 2008. Sanyo ikaangukia mikononi mwa Panasonic mwaka 2009. Philips ya Uholanzi ilishajitoa kwenye biashara ya redio na spika, na tangu mwaka 2018 jina lake kwenye vyombo vya muziki linatumiwa kwa leseni na kampuni ya TPV. Kwa hiyo ukimwona mtu anatetea jina kwa sababu ya redio ya babu yake, mwambie ukweli: jina siku hizi linapangishwa kama chumba cha Manzese. Bango ni lile lile, mpangaji mwingine.

Upande wa majina mapya ni kinyume chake. Kule kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, kuna viwanda kibao vinavyotengeneza sabufa kwa oda. Mfanyabiashara anachagua boksi, anachagua taa, anachagua idadi ya spika, halafu anatoa jina analolitaka libandikwe. Jina linaweza kuwa la binti yake. Mfanyabiashara mwingine anaweza kuchagua mashine ile ile na kubandika jina lingine. Hapo ndipo unapokuta washikaji wawili wanatoana macho kuhusu majina mawili, kumbe vitumbo vya ndani ni mapacha.

Tena huyo mwenye jina anaweza mwaka huu kuagiza mzigo mzuri, mwakani akaona faida ndogo, akaomba kiwanda kipunguze shaba kwenye transfoma na unene wa mbao. Nje hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana sabufa ya kaka yako ina miaka sita inadunda, na wewe uliyenunua ya jina hilo hilo wiki jana unaanza kusikia inakoroma.

MJERUMANI ALIYETUKANWA DUNIA NZIMA

Ukitaka kuelewa jinsi sifa ya kitu cha bei ndogo inavyopanda na kushuka, sikiliza kisa cha Behringer. Hawa ndio wenye miksa na amplifaya unazoziona kwenye kumbi, makanisani na studio za chumba kimoja.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1989 kule Ujerumani na Uli Behringer. Wazo lake lilikuwa moja: mwanamuziki wa kipato kidogo naye apate vyombo. Akapeleka utengenezaji China, bei ikashuka, wakubwa wakakasirika. Mwaka 1997 kampuni ya Mackie ya Marekani ikamburuza mahakamani ikidai miksa zake zimeigwa. Mwaka 1999 mahakama ya Seattle ikatupilia mbali dai la hakimiliki kwa hoja kwamba saketi ya umeme hailindwi kama kitabu au wimbo, na pande mbili zikamalizana. Mwaka 2005 Roland ya Japani nayo ikafungua kesi, safari hii kuhusu pedali za gitaa zilizofanana sura na zile za Boss. Hiyo nayo ikaisha kwa maelewano. Mwaka 2006 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikawapangia faini ya dola milioni 1 kwa kuuza vifaa vingi ambavyo havikuwa vimethibitishwa kwamba haviingilii mawimbi ya redio.

Unaweza kufikiria wanamuziki walivyomsema. Kwa miaka mingi kutaja Behringer mbele ya mafundi mitambo wa nje kulikuwa kama kuingia harusini na kandambili. Walicheka bei, walicheka swichi, walicheka kila kitu.

Basi jamaa akafanya nini? Mwaka 2002 alishafungua kiwanda chake mwenyewe kule Zhongshan, China, badala ya kutegemea viwanda vya watu. Mwaka 2009 kampuni yake ikainunua Midas ya Uingereza, jina ambalo mafundi wa matamasha makubwa wanaliheshimu. Mwaka 2012 ikatoka miksa ya dijitali ya X32, yenye chaneli 32 na sehemu ya maiki iliyosanifiwa na watu wa Midas, kwa bei ambayo wapinzani hawakuitegemea. Makanisa na kumbi dunia nzima zikaikimbilia. Wale wale waliocheka wakaanza kuitafuta.

Somo ni nini hapo? Kwanza, sifa ya zamani inachelewa kufa, iwe mbaya au nzuri. Mtu anaweza kuponda leo kitu kilichobadilika miaka 10 iliyopita. Pili, kilichobadilisha mambo ni kiwanda chake mwenyewe, wasanifu wanaoeleweka na anuani ya kulalamikia. Sabufa isiyo na mwenyewe haina hata wa kumpeleka mahakamani.

USIHESABU MAITI TU

Wajanja wengi wana mbinu moja: wanakwenda kwa fundi, wanaangalia jina gani limerundikana, halafu wanasema hilo ndilo bovu. Mbinu nzuri, lakini ina mtego.

Tuseme mtaa wenu una sabufa 200 za jina A, na kwa fundi umezikuta 10. Jina B zimeuzwa 5 tu mtaani, na kwa fundi ziko 3. Kwa macho, A ndiyo mbovu. Kwa hesabu, B imekufa zaidi ya nusu! Jina linalojaa kwa fundi linaweza kuwa ndilo linalouzwa sana tu.

Swali zuri la kumuuliza fundi ni hili: "Hii ikija kwako, inarudi nyumbani?" Kuna sabufa inaharibika kwa sababu ya kapasita iliyovimba, kitu cha bei ya soda, dakika 20 imepona. Kapasita mbovu zimewahi kuitesa dunia nzima: kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 mpaka katikati ya miaka ya 2000 hata kompyuta za makampuni makubwa zilikufa kwa ugonjwa huo. Lakini kuna sabufa nyingine kila kitu kimemwagiwa gundi, ubao hauna namba na "ic" imekwanguliwa jina. Hiyo fundi anakuangalia kwa huruma kama daktari. Kitu cha bei ndogo kinachotengenezeka kinaweza kukufaa kuliko cha bei ya kati kisichofunguka.

MUUAJI NI WEWE MWENYEWE

Na tusiwaonee Wachina peke yao. Nusu ya lawama hizi ni zetu.

Kwanza, kufungulia mpaka mwisho. Amplifaya ndogo ikikamuliwa kupita uwezo wake, sauti inakatika vichwa, inakuwa kali na yenye mikwaruzo. Twita ndizo zinaanza kuungua, kisha koili ya spika. Ukisikia inakwaruza, punguza. Hiyo ni sauti ya kitu kinachoomba msamaha.

Pili, kuongezea spika. Amplifaya imeandikwa omu 8, wewe umeunganisha spika mbili za omu 8 kwa pamoja, sasa inaona omu 4. Ukiongeza nyingine mbili, inaona 2. Umeme unaochotwa unazidi, joto linapanda, ukumbi unanuka plastiki.

Tatu, mtumba wa Japani. Amplifaya nyingine za mtumba ni kali kweli kweli, lakini umeme wa Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu, utapata moshi kabla ya wimbo. Soma nyuma, nunua transfoma ya kushushia. Ni ndugu wa lile tatizo la redio za magari kutoka kule: masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76, na redio nyingi zinaishia 90, ndiyo maana stesheni zako za 98 na 100 huzipati mpaka ufungiwe kile kidude cha kuongeza.

Nne, umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika mbili tatu utulie. Stablaiza ya kawaida ni rahisi kuliko sabufa mpya.

KABLA HUJATOA NOTI

Haya, una fedha yako mfukoni na miguu inawasha kwenda Kariakoo. Au uko Nairobi unaitamani Luthuli Avenue, mambo ni yale yale. Shika haya.

Nenda na flashi yako. Usikubali wimbo wa muuzaji, ule kauchagua kwa sababu unaficha maradhi. Piga wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Anza kwa sauti ndogo usikilize maneno. Besi kila mtu anayo, maneno ndiyo mtihani. Kisha simamisha wimbo, ongeza sauti bila muziki, usikilize kama inanguruma yenyewe. Zungusha vifundo vyote, visikwaruze.

Inyanyue. Sabufa yenye transfoma ya shaba na sumaku nene haiwezi kuwa nyepesi kama boksi la mkate. Angalizo: amplifaya za kisasa za kazi za kumbi zinaweza kuwa nyepesi kihalali kwa sababu ya aina ya umeme zinaotumia, lakini sabufa ya bei poa nyepesi ni alama ya kuuliza. Maiki hivyo hivyo. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, ni kati ya maiki zinazoigizwa sana duniani. Halisi ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiishika ikawa kama bilauri ya plastiki, na bei yake inakuchekea, basi inakucheka.

Usikimbilie wati kubwa. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni. Ili sikio lisikie muziki umekuwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara 10. Spika yenye kuitika vizuri kwa wati chache itaiaibisha yenye maandishi makubwa.

Soma jina herufi kwa herufi. "Sonny" mwenye n mbili si Sony. Tafuta alama ya TBS. Dai dhamana iliyoandikwa, siyo ya mdomo, na uulize itahudumiwa duka gani, mtaa gani. Dai risiti ya EFD hata kama muuzaji ananuna, maana bila risiti hukununua, uliokota. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na bidhaa bandia zina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, ile FCC, ndiyo ya kuipelekea malalamiko. Wengi hatuendi, tunaishia kulaani vijiweni.

Na kama ni ya biashara, usinunue peke yako. Nenda na fundi, mlipe nauli na chai. Kwaya, hasa, acheni kumtuma mweka hazina pekee kwa sababu ni mwaminifu. Uaminifu haupimi omu.

Wale wa Sundar, Aborder na Seapiano, endeleeni kubishana, mji hauchangamki bila ubishi. Ila leo jioni kila mmoja akageuze yake asome kule nyuma, halafu kesho mje kijiweni na namba. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaziangalia hedifoni, ambazo nazo zina kesi yake. Mpaka hapo, punguza sauti kidogo, jirani ana mtoto mchanga.